Uzi: Kampeni za mashabiki huokoa kweli tamthilia zilizofutwa, au tunajipa moyo tu?

Mwanamsimu:
Wakuu, habari za muda huu.

Kila mwaka ni yale yale. Tamthilia inafutwa ikiwa imeishia pabaya, mhusika mkuu hatujui kama yu hai au amekufa, na siku hiyohiyo kuna ombi la saini, kuna hashtagi, kuna mtu anachangisha pesa za bango. Nami nimo, sikatai. Nimeshatia saini maombi mengi kuliko ninayoyakumbuka.

Swali langu: hizi kelele zina kazi gani hasa? Maana mifano inayotajwa haibadiliki: Star Trek, Jericho, Brooklyn Nine-Nine, Lucifer. Zile ambazo watu walilia mpaka sauti zikakauka na hakuna aliyegeuka, hakuna anayezihesabu.

Naweka msimamo wangu mezani mapema ili tubishane vizuri. Naona kampeni haijawahi kurudisha tamthilia peke yake. Kila iliyorudi, ukifukua kidogo unamkuta mwenye pesa au mwenye haki ambaye tayari alikuwa anaitamani. Mashabiki walimpa sababu ya kusema ndiyo. Mwenye mfano wa kunipinga aulete, ila aje na ushahidi.

Nyota79:
Mkuu, mimi nakupinga. Star Trek. NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, walikuwa karibu kuiua baada ya msimu wa pili. Shabiki Bjo Trimble na mumewe John wakaratibu barua kuanzia mwishoni mwa 1967 kuingia 1968, enzi ambazo kampeni ilikuwa ni kalamu, bahasha na stempu. Kwa hesabu ya NBC wenyewe zilifika zaidi ya laki moja. Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia inaendelea.

Hapo hakukuwa na mnunuzi wa pembeni. Hakukuwa na Netflix ya kukimbilia. Huyo "aliyekuwa anaitamani" ni nani?

Mwanamsimu:
Sawa dada, halafu? Wakaisukuma Ijumaa saa nne usiku, bajeti wakaipunguza, 1969 wakaifuta. Waliahirisha msiba tu.

Nyota79:
Umeishia njiani. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na sehemu 55. Wa tatu uliongeza 24, jumla 79. Vituo vya mikoani Marekani vilikuwa vinanunua tamthilia zilizokwisha ili kuzirudia kila siku, na ukirudia siku tano kwa wiki, sehemu 55 zinaisha ndani ya wiki 11. Kituo kinataka rundo kubwa kuliko hilo. Marudio ya miaka ya 1970 ndiyo yaliyoifanya Star Trek iwe Star Trek. Bila hayo hupati filamu ya 1979, na bila hiyo hupati ukoo mzima uliofuata. Zile sehemu 24 zilitoka kwenye barua.

Msimu wa tatu kweli ulikuwa dhaifu, hilo nakupa. Lakini umeuliza kama kampeni huathiri hatima ya tamthilia.

Mzee_wa_Marudio:
Bao hilo. Moja bila.

Karani_wa_Mikataba:
Naomba niingie, maana nimewahi kufanya kazi upande wa haki za vipindi na naona watu wengi huelekeza hasira zao pasipo.

Tamthilia ina wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna studio inayoitengeneza na kuimiliki, halafu kuna kituo kinachoikodi na kuirusha. Kituo kikisema "tumeifuta", maana yake kimeacha kuikodi. Studio bado inayo. Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza siku ya kufutwa si mashabiki wangapi wanalia. Nauliza nani mwenye mali, na je, ana mahali pengine pa kuiuza?

Tazameni Brooklyn Nine-Nine. Fox waliifuta Mei 2018, na siku iliyofuata NBC wakaichukua. Watu wakasema hashtagi imefanya maajabu, na ni kweli mtandao uliwaka: mastaa Lin-Manuel Miranda, Mark Hamill na Guillermo del Toro wote walilalamika hadharani. Lakini aliyekuwa akiitengeneza ni Universal Television, kampuni dada ya NBC. Fox walikuwa wanamlipa mshindani wao kodi. NBC walipoichukua, walikuwa wanaileta nyumbani mali ya familia. Mkuu wao wa burudani wakati huo alisema wazi kwamba alijutia kuiacha iende Fox tangu mwanzo.

Sasa niambieni, kelele zilifanya nini pale? Naamini zilifanya jambo moja: ziliharakisha. Mazungumzo ambayo yangechukua wiki kadhaa yalikwisha kwa siku moja na ushee, na NBC wakapata matangazo ya bure ambayo hakuna bajeti ingeyanunua. Si haba. Ila kama Universal ingekuwa mali ya mtu mwingine, sidhani hiyo simu ingepigwa.

SautiYaWengi:
Karani umeongea vizuri lakini Jericho inakuvurugia hesabu.

CBS waliifuta Mei 2007 baada ya msimu mmoja. Kwenye sehemu ya mwisho mhusika alijibu kwa neno lile alilowajibu Wajerumani Jenerali McAuliffe wa Marekani kule Bastogne mwaka 1944, walipomtaka asalimu amri: "Nuts!", yaani upuuzi, ingawa kwa maana ya kawaida ni karanga. Mashabiki wakalichukua kama lilivyo, wakaanza kuwatumia CBS karanga. Si paketi mbili tatu. Pauni zaidi ya 40,000, magari ya mizigo yanashusha ofisini. Kabla ya katikati ya Juni CBS wakarudi wakasema wataongeza sehemu saba.

CBS ndio walioifuta, CBS ndio walioirudisha. Hakuna mnunuzi wa pili.

Mwanamsimu:
Sehemu saba, ndugu yangu. Msimu wa kwanza ulikuwa na 22. Na Nina Tassler, mkuu wa burudani wa CBS, aliwaandikia mashabiki barua ya kirafiki kabisa ambayo ukiisoma kwa makini ni mkataba: tumewasikia, sasa leteni watazamaji wapya. Hawakuletwa. Machi 2008 ikafutwa mara ya pili na safari hii hakuna karanga iliyosaidia. Yaani kampeni iliweza kuingia ofisini kwa wakubwa, ila haikuweza kuingia sebuleni kwa mtu ambaye hakuwahi kuiangalia.

SautiYaWengi:
Lakini hizo saba zilitupa mwisho! Unajua raha ya kupewa mwisho?

Mwanamsimu:
Naijua, ndiyo maana nasaini maombi.

Rimoti_Mkononi:
Swali la mgeni: kwa nini barua laki moja au saini milioni zisihesabike kama watazamaji? Si ndio haohao?

Karani_wa_Mikataba:
Swali zuri na ndilo linaloumiza watu.

Kwenye televisheni ya matangazo ya biashara, mteja si wewe. Mteja ni anayelipia tangazo, na bidhaa anayouziwa ni macho yako. Macho hayo Marekani kwa miaka mingi yalipimwa na kampuni ya Nielsen kwa sampuli: kaya chache zilizochaguliwa zenye vifaa vya kupimia, ambazo ziliwakilisha nchi nzima. Kama kaya yako haikuwamo kwenye sampuli, ukiangalia au usipoangalia kipimo hakikutikisika. Na kwa miaka mingi kilichouzwa ghali zaidi ni watu wa miaka 18 hadi 49. Bibi mwenye miaka 70 anayeipenda tamthilia kuliko wote hapa, kwenye ile hesabu alikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo barua inamwambia mkubwa kwamba wanaopenda wanapenda sana. Tatizo lake ni kwamba wanaopenda ni wachache. Hizo ni habari mbili tofauti, na mwenye tangazo analipia ya pili.

Ndiyo maana kampeni ninayoiheshimu kuliko zote ni ya tamthilia ya Chuck, 2009.

Mzee_wa_Marudio:
Hiyo ya mikate ya Subway?

Karani_wa_Mikataba:
Hiyohiyo. Subway walikuwa wanatangaza ndani ya tamthilia. Mashabiki hawakuishia kuwaandikia NBC. Walikubaliana kwamba siku ya sehemu ya mwisho ya msimu wa pili, Aprili, kila mmoja aende Subway akanunue mkate na aache ujumbe kwenye karatasi ya maoni kuwa amekuja kwa sababu ya Chuck. Zachary Levi, mwigizaji mkuu mwenyewe, alikuwa Uingereza wakati huo na akaongoza kundi la mashabiki mpaka dukani, akasimama nyuma ya kaunta kuwahudumia. Mwezi uliofuata NBC wakatangaza msimu wa tatu, Subway wakiwa wadhamini ndani ya hadithi. Tamthilia ikafika misimu mitano, ikaisha Januari 2012.

Tofauti iko wapi? Hawakuishia kumwambia mwenye kituo "tunakupenda, usituache". Wakamwonyesha mwenye tangazo risiti.

Nyota79:
Hapa nakubaliana nawe kabisa, ingawa inaniuma kidogo kwamba ushahidi wa mapenzi uwe risiti.

ChekaTaratibu:
Mimi nasubiri tamthilia inayodhaminiwa na kampuni ya magari ifutwe nione mtakavyofanya.

Mzee_wa_Marudio:
😂😂 Mkopo wa benki.

BintiWaMsimuWaTatu:
Mnaongelea zama za kale. Siku hizi wanaofuta ni majukwaa ya kulipia, hayana Nielsen wala Subway. Tuongelee hapo.

The OA ilifutwa na Netflix Agosti 2019. Mashabiki walifanya kila kitu: bango Times Square, ombi la saini, na mmoja wao alikaa nje ya ofisi za Netflix akigoma kula. Brit Marling, aliyeitunga kwa ushirikiano na kuicheza, alikwenda mwenyewe kumpelekea maji na chakula. Tamthilia haikurudi.

Sense8, jukwaa hilohilo, ilifutwa Juni 2017, na kabla ya mwezi kwisha wakatangaza sehemu maalumu ya kuhitimisha, ikatoka Juni 2018. Kwa nini huyu ndiyo na yule hapana? Mapenzi yalikuwa sawa. Kama kuna kanuni, mimi siioni.

Mwanamsimu:
Ya Sense8 mimi naisoma hivi: hawakurudisha tamthilia, walilipia mazishi ya heshima. Ilikuwa ghali, wanapiga picha nchi nyingi duniani, misimu ikaongezeka na gharama ikaongezeka. Sehemu moja ndefu ya kumaliza ni gharama inayojulikana, halafu jukwaa linabaki na kazi kamili ambayo mtazamaji mpya hataogopa kuianza. Tamthilia isiyo na mwisho kwenye orodha yao ni mali iliyopasuka. Nani anaanza kitu anachojua kimekatwa katikati?

The OA ilikuwa imepangwa misimu mitano na wakakata baada ya miwili. Huwezi kuifunga kwa saa mbili na nusu.

Karani_wa_Mikataba:
Niongezee jambo la muda, maana halitajwi kamwe kwenye maombi ya saini. Waigizaji hawakai wakisubiri mapenzi yetu. Kwenye mfumo wa Marekani mikataba yao na tamthilia za vituo vikubwa kwa kawaida huwa na tarehe ya ukomo, mara nyingi mwisho wa Juni. Ikipita bila msimu mpya kuagizwa, kila mmoja yuko huru na anaanza kuchukua kazi nyingine. Seti za kurekodia zinabomolewa, mavazi yanarudishwa, chumba cha waandishi kinatawanyika. Kampeni inayofika kilele Septemba inadai kitu ambacho hakipo tena. Haiwezekani? Inawezekana, ila bei imepanda sana kwa sababu unawakusanya upya.

Kuna kingine: vizuizi vya mkataba. One Day at a Time ilifutwa na Netflix Machi 2019. Ilikuwa na watu wa kuipokea, lakini makubaliano ya awali yaliibana isihamie jukwaa jingine la mtandaoni. Ndiyo maana ikaangukia Pop TV, kituo cha kebo. Mashabiki walipiga kelele nzuri sana, ila mlango uliofunguka ni ule ambao mkataba uliuacha wazi.

BintiWaMsimuWaTatu:
Hilo la mkataba sikulijua. Sasa nielezee Manifest, maana ile hata tarehe ilikuwa imepita.

Karani_wa_Mikataba:
Manifest ndiyo mfano ninaoupenda kwa sababu inaonyesha kelele na takwimu zikikutana. NBC waliifuta Juni 2021. Siku chache kabla, misimu miwili ya kwanza ilikuwa imeingia Netflix ya Marekani, ikapanda kileleni mwa orodha yao na kukaa huko wiki kadhaa. Netflix mwanzoni walikataa. Mikataba ya waigizaji ikaisha. Lakini namba hazikushuka, na mtunzi wake Jeff Rake hakunyamaza. Tarehe 28 Agosti wakatangaza msimu wa nne wa sehemu 20. Kwa Wamarekani tarehe hiyo huandikwa 8/28, na ndege ya kwenye hadithi ni namba 828. Mashabiki walilia kwa furaha.

Kwa hiyo dada, majukwaa nayo yana Nielsen yao. Tofauti ni kwamba si sampuli. Wanajua umeanza, umeacha dakika ya ngapi, umemaliza msimu au la. Hashtagi kutoka kwa mtu aliyeishia sehemu ya tatu wanaiona na wanajua aliishia sehemu ya tatu.

Rimoti_Mkononi:
Mungu wangu. Mimi nimetia saini za tamthilia tatu ambazo sijazimaliza.

ChekaTaratibu:
Wewe ndiye uliyeziua. Tumekupata.

SautiYaWengi:
Na tusisahau kelele zenyewe zinachakachuliwa. Ile kampeni ya kudai toleo la mwongozaji Zack Snyder la Justice League, najua ni filamu si tamthilia, ilifanikiwa na jukwaa la HBO Max wakalitoa Machi 2021. Mwaka uliofuata jarida la Rolling Stone waliandika juu ya ripoti za kampuni yenyewe zilizoonyesha angalau asilimia 13 ya akaunti zilizohusika zilikuwa bandia. Waliobaki walikuwa watu halisi, wengi tu. Ila ukishakuwa mkubwa wa studio na ukasoma hiyo, hashtagi inayofuata utaiamini?

Mzee_wa_Marudio:
Ndiyo maana nasema rudini kwenye vitu vinavyoshikika. Barua, karanga, risiti. Mashabiki wa The Expanse walikodi ndege ikavuta bango juu ya ofisi za Amazon mwaka 2018, kituo cha Syfy walipoifuta. Jeff Bezos mwenyewe akatangaza kuichukua, papo hapo kwenye mkutano wa masuala ya anga, waigizaji wakiwa ukumbini. Akaunti bandia haikodi ndege.

Mwanamsimu:
Na Bezos alikuwa anapenda hizo hadithi tangu zamani, na ana kampuni ya roketi. Mzee, unanipa hoja yangu mwenyewe.

Mzee_wa_Marudio:
Ninakupa ndege. Hoja utaibeba mwenyewe.

Nyota79:
Mwanamsimu, kuna kitu kinanisumbua kwenye msimamo wako. Hauwezi kushindwa. Tamthilia ikirudi unasema kulikuwa na tajiri aliyeitaka, isiporudi unasema hakuwepo. Bila shaka yupo mtu anayesaini hundi, kila mara. Jambo la kuuliza ni kama angesaini bila kusumbuliwa.

Cagney & Lacey, CBS, 1983. Imefutwa. Mtayarishaji wake Barney Rosenzweig aliwapa mashabiki anwani, barua zikamiminika si CBS tu, hata magazetini. Marudio ya kiangazi yakafanya vizuri kwenye kipimo, Tyne Daly akachukua Emmy ya mwigizaji bora wa kike akiwa kwenye tamthilia iliyokwisha kufa. 1984 CBS wakairudisha, ikaenda mpaka 1988. Hapo kuna barua, kuna kipimo, kuna tuzo. Ukiondoa barua, je, magazeti yangeandika? Magazeti yasingeandika, watu wangeangalia marudio? Wewe unataka sababu moja. Mimi naona zilisukumana.

Mwanamsimu:
Hilo nalipokea kwa mkono mmoja. Nakubali kwamba kelele zinaweza kutengeneza zile namba ambazo mkubwa anazihitaji. Ninachokataa ni kelele bila namba. Nitajie moja iliyorudi na ikadumu, ambayo haikuwa na mauzo, watazamaji wapya, mdhamini wala mmiliki mwenye hamu. Family Guy ilirudi 2005 kwa sababu DVD ziliuzwa kama njugu na marudio ya usiku yalivuta watu. Firefly ilipata filamu mwaka huohuo kwa sababu ya DVD pia, filamu haikuleta faida ya kutosha, na habari ikaisha hapo pamoja na kwamba mashabiki wake ni miongoni mwa waaminifu kuliko wote ninaowajua.

Nyota79:
Na DVD zilinunuliwa na nani, malaika?

BintiWaMsimuWaTatu:
Hahaha, jibu hilo mkuu.

Mwanamsimu:
Najibu kwa Veronica Mars. 2007 mashabiki waliwatumia The CW maelfu ya chokoleti za Mars. Hakuna kilichotokea. 2013 mashabiki walewale, kwa sehemu kubwa, wakaambiwa wachange dola milioni 2 kupitia Kickstarter ili ipatikane filamu. Zilipatikana kabla siku haijaisha, na mwishoni zikafika milioni 5.7 kutoka kwa watu zaidi ya 91,000. Filamu ikatoka Machi 2014, na 2019 jukwaa la Hulu wakatoa msimu mpya. Mapenzi hayakubadilika katika ile miaka sita. Kilichobadilika ni kwamba mapenzi yaligeuzwa kuwa fedha. Na hata hivyo ilibidi Warner Bros., wenye haki, wakubali kwanza.

Karani_wa_Mikataba:
Hiyo sentensi ya mwisho muiweke kwa wino mwekundu. Rob Thomas, mtunzi wa Veronica Mars, asingeweza kuchangisha hata senti bila ruhusa ya studio.

Rimoti_Mkononi:
Basi nipeni la kufanya. Tamthilia ninayoipenda iko hatarini, sitaitaja jina nisije nikaipa nuksi. Nifanye nini?

Karani_wa_Mikataba:
Kama iko kwenye jukwaa la kulipia: imalize. Mapema, ndani ya mwezi wa kwanza, mpaka sehemu ya mwisho. Usisubiri wafute. Mlete mtu mmoja ambaye hajaiona na umhakikishe naye anamaliza. Ikifutwa, tafuta kwanza studio ni ya nani, kisha kelele zako mpelekee anayeweza kununua. Aliyefuta ameshafunga hesabu zake. Na kuwa na adabu. Wafanyakazi wa mitandao ya kijamii wa kampuni hawakufuta chochote, wanatukanwa bure.

SautiYaWengi:
Na ukikosa vyote hivyo, karanga.

ChekaTaratibu:
Kabla hamjafunga, kuna mnunuzi mmoja mmemsahau. Community. NBC waliiacha 2014 baada ya misimu mitano, mashabiki wamepiga kelele za "misimu sita na filamu" miaka na miaka, Yahoo wakaingia wakanunua msimu wa sita kwa ajili ya jukwaa lao la video. Mwaka 2015 Yahoo wakatangaza hasara ya dola milioni 42 kwenye tamthilia zao, Community ikiwemo. Mwanzoni mwa 2016 jukwaa lenyewe likafungwa.

Mwanamsimu:
Hiyo sasa tuihesabu upande gani?

Nyota79:
Wangu. Msimu wa sita ulitoka.